Meza ni moja, acheni kugombania toleo



Nimekuwa kimya wiki tatu. Kuna mfumo wa SACCO moja niliokuwa naurekebisha ambao ulikataa katakata kumtambua mwanachama mwenye majina manne, na mnajua huku kwetu majina manne ni kitu cha kawaida. Hiyo nitaiandika siku nyingine. Leo nina hasira ya aina nyingine, naomba mnivumilie.

Jumamosi iliyopita alikuja mezani kwetu kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Kakamega. Alikuwa amebeba karatasi ya mhusika wake, ameichapisha kwa rangi, na nyinyi mnaojua bei ya kuchapisha rangi kwenye saiba mnaelewa maana yake. Ilikuwa karatasi ya Dungeons & Dragons toleo la tano. Kabla hajaketi, mmoja wetu akaichungulia na kusema, "Hiyo hapa haichezwi, mwana wefwe. Hapa tunacheza mchezo wenyewe." Watu wakacheka. Kijana naye akacheka kidogo, akakaa kama nusu saa, akasema ana kazi ya kikundi chuoni, akaenda zake. Hajarudi, na mimi sikusema neno.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, nieleze haraka. Ni mchezo wa mezani. Watu wanne au watano wanaketi, kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi. Mtu mmoja ni mwamuzi. Yeye anaeleza mahali mlipo, nyinyi mnasema mnafanya nini, na pale ambapo matokeo hayajulikani mnarusha dadu. Hakuna skrini. Hakuna ubao wa lazima. Ukitaka picha ya karibu zaidi, mfikirie nyanya akisimulia hadithi ya manani jioni, ila sasa wajukuu wana haki ya kumkatiza na kusema, "Sisi hatuingii kwa mlango, tunazunguka nyuma," naye inabidi akubali na aendelee kutoka hapo.

Mchezo huu ulitoka mwaka 1974 huko Marekani. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa kama vijitabu vitatu vidogo ndani ya sanduku, nakala 1,000 za kwanza. Tangu hapo umetoka upya mara nyingi: kitabu cha wanaoanza mwaka 1977, toleo la juu lililokamilika 1979, toleo la pili 1989, la tatu 2000, la nne 2008, la tano 2014, na hilo la tano likafanyiwa marekebisho 2024. Kila toleo liliacha nyuma watu waliosema, "Sisi tunabaki hapa." Wale waliobaki na matoleo ya mwanzo, au wanaoyarudia, ndio wanaoitwa wa kizamani. Mimi ni mmoja wao na sioni aibu.

Niseme kwa nini, maana msije mkadhani naandika haya kwa sababu nimechoka na mchezo wa kizamani. Kwanza, mhusika unamtengeneza kwa dakika kumi. Unarusha dadu tatu mara sita, unaandika unachopata kwa mpangilio huohuo, na ukipata nguvu 7 na akili 15 basi wewe ni mchawi, pole na hongera. Pili, sheria ni chache, kwa hiyo huwezi kujificha nyuma ya karatasi. Ukitaka kujua kama kuna mtego sakafuni, hurushi dadu ya "utambuzi". Unasema, "Napiga sakafu kwa mti mrefu," nami nakwambia sauti uliyoisikia. Tatu, unaweza kufa. Mwizi wa daraja la kwanza kwa kawaida ana alama za uhai zisizozidi nne. Panya mkubwa anatosha. Basi watu wanafikiri, wanajadiliana, wanaogopa kikweli, na mvua ya Kakamega ya saa tisa mchana ikianza kupiga mabati na stima ikipotea, tunawasha taa ya chaji na hakuna kinachobadilika. Ni programu gani mnayoijua isiyojali stima?

Na kuna dhahabu. Katika matoleo ya mwanzo, sehemu kubwa ya alama za uzoefu hutoka kwenye hazina unayoitoa shimoni na kuifikisha nyumbani. Sarafu moja ya dhahabu, alama moja. Hulipwi vizuri kwa kuua. Unalipwa kwa kutoka ukiwa hai na mzigo. Mimi natumia Basic Fantasy, ambayo haikuifanya hiyo kuwa sheria ya lazima, kwa hiyo naichomeka mwenyewe kama kiraka kwenye programu.

Sasa fikirieni sheria hiyo katika mji huu. Kakamega ilikuwa na mbio za dhahabu mapema miaka ya 1930. Wazungu walimiminika, na mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi za wenyeji iliyokuwa imetungwa miaka miwili tu kabla, ili ardhi yenye dhahabu iweze kuchukuliwa. Mgodi wa Rosterman, nje kidogo ya mji, ulifungwa mwaka 1952, na hadi leo kuna watu wanaoshuka mashimoni huku kwetu kwa kamba na tochi kutafuta kilichobaki. Baadhi yao hawapandi tena. Mimi sikuhitaji kubuni shimo lenye mazimwi ya Ulaya. Nilichukua kitabu cha hesabu cha miraba, nikachora mgodi wenye ngazi tano, maji kuanzia ngazi ya tatu, na manani mmoja anayeishi mahali ambapo mashine ya kusaga mawe iliachwa. Mchezaji wetu mmoja ni nesi. Mwizi wake alikufa kwenye maji kwa sababu alikataa kuacha mfuko wa mwisho. Sarafu 600. Kwa hesabu ya kizamani sarafu 10 ni ratili moja, kwa hiyo alikuwa akiogelea na kilo 27 mgongoni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nilimwona mtu kama huyo, aliletwa wodini." Hakuna aliyeongea. Tulichemsha chai.

Hicho ndicho ninachokipenda na ndicho ninachokitetea. Sasa nirudi kwenye ugomvi.

Mwaka 2021 tulikuwa saba: nesi, mwalimu wa shule ya msingi, fundi simu, mhasibu, wanafunzi wawili, na mimi. Saba katika mji kama huu ni muujiza. Wanafunzi na fundi simu walitaka toleo la tano. Walikuwa wameona watu wakilicheza YouTube, walitaka wahusika wenye historia ndefu na uwezo mwingi, wasiofariki kwa panya. Badala ya kuzungumza tukaanza kurushiana maneno. Wao waliita wetu "mchezo wa wazee". Sisi tuliita wao "mchezo wa watoto wanaoogopa kufa". Maneno hayo ya pili yalikuwa yangu, nayakumbuka vizuri kwa sababu nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Tukagawanyika, wanne upande huu, watatu upande ule. Wanaohesabu watu kwa namba watasema bado kulikuwa na meza mbili, hata ni maendeleo. Nenda ukahesabu kwa kalenda. Nesi yuko zamu wikendi mbili kwa mwezi, mwalimu ana mitihani, mhasibu ana mwisho wa mwezi. Wanne wakitoa mmoja wamebaki watatu, wakitoa wawili hakuna mchezo. Upande wa pili, wanafunzi walifunga chuo wakaenda kwao na fundi simu akabaki na dadu zake. Ndani ya miezi mitano meza zote mbili zilikuwa zimekufa, na kitabu changu cha miraba kilikaa juu ya kabati mwaka mzima. Mwalimu ndiye aliyetupigia simu mmoja mmoja baadaye. Watano walirudi. Wawili walikuwa wameshahama mji.

Nairobi labda mnaweza kugombana na kila kundi likapata watu wake. Huku hapana. Na mji mdogo si Kakamega peke yake. Ukiwatoa wachezaji wa Nairobi, sisi wa Afrika Mashariki tunaoucheza mchezo huu ni mji mdogo uliotawanyika kwenye ramani kubwa.

Nyinyi wasomaji wangu wa kompyuta mtasema, basi mkuu, kugawa mradi si dhambi, ndivyo programu huria zinavyokua. Nakubali. Mwaka 1997 waandaaji wa programu waliochoshwa na mwendo wa kobe wa GCC walichukua msimbo wake wakaanza EGCS. Lakini kumbukeni ilivyoisha: mwaka 1999 EGCS ikawa ndiyo GCC rasmi. Walitengana kwa kazi, wakaunganika kwa kazi. Hawakuambiana kwamba aliyebaki upande ule si mtayarishaji programu. Ugomvi wa msimbo unaweza kuunganishwa. Ugomvi wa dharau hauna amri ya kuuunganisha.

Na tazameni ukubwa halisi wa tofauti hizi tunazozipigania. Mfano unaochekesha zaidi ni namba ya ulinzi. Katika matoleo ya zamani, namba ndogo ni nzuri: mtu asiye na vazi la vita ana 10, mwenye vazi zito la chuma ana 3. Kuanzia toleo la tatu ikageuzwa, namba kubwa ndiyo nzuri. Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya hili kama vile ni itikadi. Niliandika programu ya kubadilisha. Ina mstari mmoja: toa namba ya zamani kutoka 20. Tatu inakuwa 17, kumi inabaki kumi. (Kwa vitabu vinavyoanzia 9 badala ya 10, toa kutoka 19.) Mstari mmoja, jamani! Nimewahi kutumia muda mrefu zaidi kutafuta nukta mkato iliyopotea.

Si tofauti zote ni ndogo hivyo, na sitaki kuwadanganya. Mhusika wa toleo la tano ana uhai mwingi zaidi, analala usiku mmoja na kuamka mzima, na akianguka anapewa nafasi ya kurusha dadu za kuponea. Ukimleta kwenye mgodi wangu atatembea kama meneja. Na mhusika wangu akipelekwa kwao atakufa kwenye mapambano ya kwanza, kisha mchezaji atakaa saa tatu akiangalia wenzake. Kwa hiyo simwambii mtu tuchanganye kila kitu kwenye sufuria moja. Sisemi hata kwamba matoleo yote ni sawa. La kizamani ni zuri zaidi, na niko tayari kubishana hilo hadi asubuhi. Ninachosema ni kwamba kubishana ni kitu kimoja na kumfunga mtu mlango ni kingine.

Wenzangu wa kizamani, nyinyi hasa ndio nataka mnisikie, kwa sababu mnajisahau. Vitabu mnavyotumia vimetoka wapi? Wengi wetu huku hatukununua sanduku la 1974. Tunacheza vitabu vilivyoandikwa upya na mashabiki: OSRIC ya 2006, Basic Fantasy ya 2007 ambayo unaipakua bure na kisheria, unaipeleka saiba, unatoka na kitabu kizima. Viliwezekana vipi? Kwa sababu mwaka 2000, pamoja na toleo la tatu, kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa leseni huria. Ryan Dancey, aliyeisukuma, aliiga waziwazi mawazo ya programu huria. Yaani uhuru wetu wa kucheza ya zamani ulizaliwa na lile toleo jipya ambalo baadhi yenu mnalitemea mate.

Halafu likaja la Januari 2023. Rasimu ya leseni mpya ilivuja. Ilitaka kuifuta ile ya mwaka 2000, na kuwatoza wachapishaji wakubwa asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000. Kwa wadogo fedha haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba kazi ya zaidi ya miaka ishirini ilisimama juu ya leseni ambayo mwenyewe sasa anasema anaweza kuivuta. Nani walipiga kelele? Wote. Wa toleo la tano walifuta malipo yao ya kila mwezi ya huduma ya mtandaoni ya kampuni. Wa kizamani waliandika. Paizo, waliojitenga na Pathfinder mwaka 2009 wakati wa ugomvi wa toleo la nne, walitangaza wataandaa leseni ya pamoja na wachapishaji wengine. Tarehe 27 Januari kampuni ilirudi nyuma: leseni ya zamani ikaachwa, na sheria za msingi za toleo la tano zikawekwa chini ya Creative Commons, ambayo hairudishwi tena mfukoni. Mwaka huohuo Basic Fantasy ikatoa toleo lake la nne, likiwa limesafishwa na kuhamia Creative Commons nayo.

Sasa nijibuni. Wale vijana wa toleo la tano waliofuta malipo yao, wengi wao hawajawahi kurusha dadu kwenye mchezo wa kizamani. Pigo lililoiumiza kampuni lilitoka kwao, si kwetu, kwa sababu sisi hatukuwa tukiilipa chochote cha kufuta. Walikinga vitabu vyetu. Na sisi, mmoja wao akija Kakamega na karatasi yake ya rangi, tunamwambia haichezwi hapa.

Wengine mnasema umoja maana yake ni lazima tuwe na sheria moja. Hilo nalo ni kosa, na sihitaji kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Sisi Waluhya ni akina nani? Waisukha, Waidakho, Wawanga, Wakabras, Watsotso, Wamaragoli, Wabukusu, na wengine. Jina la pamoja lenyewe lilishika katika miaka ya 1930 na 1940. Miaka hiyo ya 1940 kukawa na Kamati ya Lugha ya Luyia, iliyotaka kutuandikia lugha moja sanifu. Haikufaulu. Wamaragoli na Wabukusu waliendelea na maandishi yao, na hadi leo mzee wa Vihiga na mzee wa Bungoma wakianza kuongea kwa kasi mmoja atarudi kwenye Kiswahili. Lugha sanifu ilishindikana na jina likabaki. Watu hawakusubiri wakubaliane kuandika kuku ni "ingokho" au "engoko" ndipo waketi kumla. Na nisiambiwe nimeleta ukabila kwenye dadu. Nimeleta mfano wa watu walioshindwa kukubaliana juu ya kitabu na bado wakaitana ndugu.

Pia kuna wanaoniuliza kwa nini nisicheze bao tu, hili la wazungu la nini. Bao nalicheza, vibaya. Lakini hata bao lina matoleo: la Unguja lina safu nne na kete 64, omweso wa Uganda nao una safu nne na kete 64, na sheria ni tofauti kabisa. Sijasikia Mganda akiambiwa anacheza bao la watoto.

Basi kwa meza yetu nimependekeza hivi, na nimeshawatumia wenzangu ujumbe kabla ya kuchapisha hapa ili wasiseme nimewaanika. Jumamosi ya kwanza na ya tatu ni mgodi, sheria za kizamani, na mwamuzi anasema mapema kabisa kwamba wahusika hufa. Jumamosi ya pili ni toleo la tano, na mwamuzi ni yeyote anayelijua. Mimi nitakuwa mchezaji wa kawaida, nitaandika historia ya mhusika wangu kurasa mbili na sitalalamika. Orodha ya namba za simu ni moja. Rafu ya vitabu ni moja. Na anayekuja mara ya kwanza anaketi kwanza, anapewa chai, kisha ndiyo tunauliza amebeba karatasi gani.

Mhasibu amekubali. Mwalimu amejibu, "Ungesema haya 2021." Yule aliyemwambia kijana "haichezwi" bado hajanijibu, lakini nimeona alama mbili za bluu.

Kijana, sikuchukua namba yako. Ukisoma hapa, tuko palepale, Jumamosi saa nane mchana. Mwizi wa nesi alipofia kuna mfuko wa sarafu 600 chini ya maji, na hakuna aliyerudi kuuchukua.